BOMBA LA MOSHI LINATAKA MAMA WA KULITUNZA
Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi siku ya kuadhimisha miaka 10, Endulen



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Enkai wetu, kwa kutufikisha siku hii ya leo. Miaka 10 si mchezo. Tulianza tukiwa tunakaa chini ya mti, tunahesabu hisa kwenye kitambaa cha lubega, na sanduku letu lilikuwa na kufuli moja tu. Leo lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa mama watatu. Wenzetu waliotutangulia mbele ya haki tunawakumbuka. Na wale waliohamia Msomera kule Handeni, ambako watu walianza kwenda mwaka 2022, tunawasalimu pia, maana hisa zao tuliwarudishia lakini udugu haukurudishwa.

Mweka Hazina atawasomea habari za fedha. Sisi kwa upande wa uongozi tumeonelea siku ya leo tuongee jambo moja tu, nalo ni majiko yetu yenye bomba la moshi. Wengine watasema, hotuba ya miaka 10 ndo ya kuongea masizi? Ndiyo. Mkopo uliokopwa na mama wengi kuliko mikopo yote katika kikundi hiki ni mkopo wa jiko. Na kosa kubwa kuliko yote tulilowahi kufanya, lilitokea humo humo kwenye jiko.

TULIKOTOKA

Wote tunaijua nyumba ya Kimaasai. Anayeijenga ni mama. Fito ni zake, udongo ni wake, kinyesi cha ng'ombe anakikanda yeye, na mvua ikiingia analaumiwa yeye. Ndani kuna mafiga matatu, na dirisha ni tundu la kuingiza ngumi. Endulen ni juu, kuna baridi. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 hakuna anayeweza kulala bila moto. Basi moshi tumeula tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu. Macho mekundu, kikohozi kisichoisha, mtoto anayehema kwa shida usiku: tulifikiri ndivyo maisha yalivyo.

Shirika la Afya Duniani linasema moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na humo wamo watoto wadogo wengi. Hatukuhitaji hesabu hiyo ili kujua, lakini ni vizuri kujua kwamba hatuko peke yetu.

Kikundi kilipoanza, tulikuwa tumeshasikia kuwa wenzetu wa upande wa Monduli wanajenga majiko ya matofali yenye bomba ndani ya nyumba hizi hizi za kwetu, na mafundi wake ni akina mama wenyewe. Tukasema, wao wameweza, sisi tuna mikono gani tofauti? Tukatoa mkopo wa jiko. Kila mama aliyepata alifurahi. Nyumba ikawa nyeupe, mtu anaona uso wa mtoto wake kutoka upande wa pili wa moto. Kuni nazo zikapungua, na safari za porini zikapungua. Kila mama hapa anajua maana yake. Kule kwenye kuni ndiko tunakokutana na nyati.

KOSA LETU

Lakini jamani, jiko tulilijenga, kulitunza hatukufundishana. Tulidhani limekwisha kama vile kisima kilichochimbwa. Mwaka wa tatu wa kikundi, mwezi wa 7, baridi kali, mwenzetu mmoja alikoka moto jioni, akapika, akaacha makaa ili watoto wapate joto. Akaziba tundu la dirisha kwa tambara na mlango akaufunga vizuri. Hakujua kuwa bomba limejaa masizi mpaka juu. Usiku yule mtoto mdogo akaanza kutapika. Mama akataka kuamka, miguu haina nguvu, kichwa kinapasuka. Aliyewaokoa ni koko wa nyumba ya jirani, aliyesikia ndama analia vibaya ndani, akaja akafungua mlango. Wakavutwa nje, wakapelekwa hospitali, na wote walipona. Ashe naleng, koko wetu. Uko hapa leo, tunakuona.

Kinachotuuma ni hiki: wiki mbili kabla ya hapo sisi viongozi tulipita kwenye nyumba ile kukagua. Tuliangalia jiko, tukaona limekandikwa vizuri, tukaandika "sawa" kwenye daftari. Hatukugonga bomba wala kuchungulia. Mama yule hakuwa mzembe. Kosa lilikuwa la kwetu.

Na tujue vizuri kilichotokea. Makaa yanayowaka polepole yanatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na haichomi macho kama moshi. Zamani moshi wa mafiga ulitufukuza nje wenyewe. Sasa tuna jiko zuri, tunaliamini, tunafunga kila tundu, kumbe bomba limeziba. Jiko la bomba lisilosafishwa linaweza kuwa baya kuliko mafiga, kwa sababu linatulaza tukiwa na imani. Kwa sababu hiyo tunawaomba leo msikilize tuliyojifunza, moja baada ya jingine.

1. MOSHI KURUDI NDANI

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila mama. Msikimbilie kubomoa jiko. Angalieni kwanza sababu ni ipi.

Asubuhi bomba ni baridi na hewa iliyomo ndani yake ni nzito, inausukuma moshi wa kwanza urudi chini. Chukua konzi ya nyasi kavu, iwashe, iingize kwenye mlango mdogo ulio chini ya bomba. Ikishawaka dakika moja, bomba limepata joto na moshi utashika njia. Baada ya hapo washa kuni, ndogo kwanza.

Kama bado unarudi, toka nje utazame urefu wa bomba. Nyumba zetu ni fupi, kwa hiyo bomba letu nalo ni fupi na linavuta kwa shida. Lazima liipite paa kwa sentimita 60 au zaidi, tuseme dhiraa moja na shubiri. Likiwa chini ya hapo, upepo unaopanda juu ya paa unaugeuza moshi. Ongeza kipande. Kama unarudi siku za upepo tu, shida ni kofia: imepotea, au imekaa chini mno na kukaba mdomo wa bomba. Kati ya kofia na mdomo wa bomba iache nafasi ya upana wa kiganja.

Halafu angalia tundu la sufuria ya pili. Wengi wetu tunapika na sufuria moja, tundu la pili tunaliacha wazi. Moshi hauna sababu ya kupanda bomba kama mlango uko karibu. Lifunike kwa kipande cha bati, au weka birika la maji, upate na maji ya moto ya kuogesha mtoto.

2. MASIZI NA LAMI

Masizi makavu ni kama unga mweusi, yanaanguka kirahisi. Ila kuna yale yanayong'aa na kunata kama lami. Hayo yanatoka kwenye kuni mbichi, na kwenye moto unaofukizwa usiku kucha bila kuwaka. Moshi wenye maji unapanda, unakutana na bomba la baridi, unaganda.

Dawa ya kwanza ni kuni. Ndani ya hifadhi tunaokota zilizokauka na kuanguka, mti mbichi haukatwi. Lakini kuni iliyokauka nayo inalowa mvua. Iwekeni chini ya kivuli cha paa, juu ya mawe, siyo chini. Gonganisha vijiti viwili: vikilia "ko!" vimekauka, vikilia "du" bado. Oloirien ni kuni nzito, inawaka muda mrefu, hiyo ni ya kupikia. Oltarakwai inawaka upesi na kurusha cheche, itumieni kidogo kwa kuwashia tu.

Dawa ya pili ni kusafisha. Tulikubaliana kila mwezi mara moja, na wakati wa baridi kila wiki mbili. Jiko liwe limepoa kabisa, tangu jana yake. Funika mdomo wa jiko kwa gunia bichi. Toa kofia. Chukua kamba ya katani, funga jiwe la ukubwa wa ngumi lililozungushiwa gunia kuukuu, lishushe ndani ya bomba, vuta juu, shusha, mara nyingi. Anayesafisha ajifunge kitambaa puani. Halafu fungua mlango mdogo wa chini, zoa yote yaliyoanguka. Wengi wanasahau hapo! Masizi yanabaki kwenye kona ya chini na kuziba pale pale.

Na kama bomba halina kofia, mvua inaingia, inachanganyika na majivu, yanakauka kuwa gumu. Watu wa Endulen hatuhitaji kuambiwa habari hiyo. Pale Laetoli, jirani zetu, zile nyayo za watu wa kale zilizogunduliwa mwaka 1978 na kundi la Mama Mary Leakey, zimekaa zaidi ya miaka milioni 3.6 kwa sababu majivu ya volkano yalilowa mvua yakakauka kama saruji. Majivu ya jiko siyo yale ya volkano, lakini ukiyaacha yalowe utayabandua kwa patasi.

3. BOMBA KUSHIKA MOTO

Ile lami ikiwa nyingi, siku moja inawaka yenyewe ndani ya bomba. Utasikia mngurumo kama gari linapanda mlima, na cheche zinatoka juu. Hapo usisimame kushangaa. Toa watoto, toa wazee, toa ndama. Ziba mdomo wa jiko kwa bati au tope ili moto ukose hewa. Usimwage maji ndani ya jiko, mvuke utakuunguza na matofali yatapasuka. Maji mwagia paa, kuzunguka mbali na bomba. Ukizimika, usiwashe tena mpaka mkaguzi aje.

4. PALE BOMBA LINAPOTOBOA PAA

Hapa ndipo pana hatari mbili, moto na mvua. Paa letu ni fito, nyasi na kinyesi, vyote vinaungua. Bomba lisiguse fito hata moja. Acha shubiri moja kila upande, na nafasi hiyo ujaze udongo mfinyanzi na mchanga. Usitie nyasi wala kinyesi katika mchanganyiko huo. Juu yake vaa kola ya bati, upande wake wa juu uingie chini ya makandiko na upande wa chini ulale juu yake, ili maji yateleze. Tukiikandika nyumba upya kabla ya masika, tuanze na hapo, maana bomba linatanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, ufa hauishi.

Bomba jipya la bati linalong'aa lina rangi ya madini ya zinki. Moto mkali wa kwanza uwashwe mchana, mlango wazi, watoto nje, mpaka ile harufu iishe.

5. JIKO KUPASUKA

Ufa mdogo siyo msiba, ila moshi unapitia humo. Sababu kubwa ni haraka. Jiko linajengwa leo, kesho mgeni anapikiwa chai. Udongo ukauke wenyewe kivulini wiki mbili au tatu, halafu moto mdogo siku chache, ndipo upike.

Kuziba ufa: kwangua, upanue kidogo, ulowanishe kwa maji, halafu shindilia udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga laini na majivu yaliyochekechwa. Usipake juu juu, utabanduka. Kinyesi cha ng'ombe ni kizuri kwa kukandika nje ya jiko, lakini ndani kwenye moto kitaungua na kuacha matundu. Ndani tumia udongo na chenga za chungu kilichovunjika.

Na msisukume kuni kwa mguu! Ukuta wa ndani unapasuka kwa mateke kuliko kwa moto.

6. MAJIVU

Majivu yakijaa chini ya kuni, hewa haipiti, moto unafuka. Yatoe kila asubuhi. Yawekwe kwenye debe lenye mfuniko, siyo karibu na boma la miiba. Upepo wa kwetu mnaujua. Kaa moja dogo lililojificha kwenye majivu linaweza kuchoma boma zima.

7. NYUMBA ILIYOKAA BILA MTU

Kiangazi wengi tunafuata ng'ombe, nyumba inabaki miezi. Tukirudi, ndege amejenga kiota, nyigu wamejaa, pengine na mjusi. Kabla ya kuwasha moto wa kwanza, shusha jiwe na kamba. Ukiondoka, funika bomba kwa kopo. Ila ukirudi kumbuka kulitoa hilo kopo! Mwenzetu mmoja alisahau, tukacheka, lakini jambo lenyewe siyo la kuchekwa.

MASWALI YA KOKO ZETU

Koko zetu wametuuliza maswali ya haki. Wanasema moshi ulifukuza mbu na nzi, ulikausha fito zisiliwe na wadudu, na vibuyu vya maziwa je? Hatuwezi kuwadanganya. Ni kweli fito hazipati moshi kama zamani, kwa hiyo tuzikague mapema na kubadilisha zilizooza. Mbu tutumie chandarua. Vibuyu havina shida, kijinga cha oloirien kinachukuliwa jikoni na kibuyu kinasafishwa kama mama zetu walivyotufundisha. Na giza lililoletwa na moto kufungwa ndani ya jiko, taa ya jua imelitoa.

Wengine wanauliza kuhusu gesi. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi wa 5 mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, na wapo wanachama wenye mtungi. Lakini mtungi haupashi nyumba joto usiku wa mwezi wa 7, na ukiisha safari ya kuubadilisha ni ndefu. Tutatumia gesi kadiri tutakavyoweza. Kuni bado zipo nasi, kwa hiyo bomba lisafishwe.

KANUNI YETU NA OMBI LETU

Baada ya lile kosa tulikaa kikao kirefu, wengine walilia. Tukapitisha kanuni, na leo tunaiandika kwenye kitabu hiki ili watoto wetu waisome. Moja: hakuna mama atakayepata mkopo wa pili kabla bomba lake halijakaguliwa kwa kamba na jiwe, siyo kwa macho. Mbili: mkaguzi asiwe jirani wa karibu, asije akaona haya. Tatu: kila kikao kila mama anatia kidogo kwenye mfuko wa bomba, wa kununulia bati, kofia na vipande vipya kwa fundi bati wa Karatu. Nne: hakuna kulala na makaa huku nyumba imezibwa yote. Tundu moja liwe wazi, hata kama ni baridi. Blanketi linaongezwa, mtoto haongezwi kwa namna hiyo.

Wale wenye mashaka kuhusu ujenzi ndani ya hifadhi, waulize ofisini kwanza kabla ya kuanza. Tusije tukajenga leo tukabomoa kesho.

Ndugu Mgeni Rasmi, wasamaria wema wengi wamefika hapa wakati wa kuzindua majiko. Tumepiga picha, tumeimba, tumeshukuru, na shukrani hiyo ni ya kweli. Lakini hakuna aliyewahi kuja kuzindua kamba ya kusafishia bomba. Ombi letu la leo siyo majiko mapya. Tunaomba mtusaidie kuyatunza haya tuliyo nayo: bati, kamba, brashi za waya kama zipo, na nauli ya mama wakaguzi kufika kwenye maboma ya mbali.

Na kwenu akina mama: nyumba tumejenga sisi, na bomba ni sehemu ya nyumba. Tusimngoje fundi wa kiume, tusimngoje mfadhili. Ng'ombe asiyekamuliwa anaumwa kiwele, na bomba lisilosafishwa linaumiza mwenye nyumba. Leo jioni, baada ya nyama na ngoma, kila mmoja akifika nyumbani agonge bomba lake kwa kijiti. Likilia wazi kama debe tupu, alale salama. Likilia zito, asiwashe moto wa usiku. Alale kwa jirani, na kesho asubuhi tutakuja na kamba.

 Enkai awape maziwa na mvua, na moshi upande juu, usirudi.